Nyuzi za besi fupi: dalili, chanzo, na namna ya kutatua bila kumaliza mshahara

Besi fupi, yaani gitaa la besi ambalo nyuzi zake ni fupi kuliko za besi ya kawaida, ikisumbua, gitaa ndilo hulaumiwa kwanza. "Shingo imepinda." "Pikapu imekufa." "Hii ni besi ya watoto." Ukilikagua gitaa lenyewe, mara nyingi unakuta halina kosa. Nyuzi ndizo zenye shida: ama ni za besi ndefu zilizokatwa, ama ni nyembamba mno, ama zimechoka siku nyingi na hakuna aliyejali. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye nyuzi na kurudi kwenye nyuzi; gitaa tutaligusa pale tu inapobidi.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Mfupa ni kile kipande chenye mifereji kilichopo kati ya shingo na kichwa cha gitaa, hata kama chako ni cha plastiki. Briji ni kile kifaa kilichopo tumboni mwa gitaa kinachoshika nyuzi upande wa pili. Vikalio ni vile vipande vya briji ambavyo nyuzi hukalia, kila uzi na chake. Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, vinahesabiwa kuanzia kwenye mfupa. Vigingi ni vya kukazia, kule kichwani. Kidonge ni kile kipande kidogo cha shaba mwishoni mwa uzi.

Pima kabla ya kutoa hela

Besi ya kawaida, kama Fender Precision iliyotoka mwaka 1951, ina inchi 34 kutoka mfupa hadi kikalio. Besi fupi huwa na inchi 30 hivi: Höfner 500/1 yenye umbo la fidla, ambayo Paul McCartney aliifanya ijulikane dunia nzima, Fender Mustang ya mwaka 1966, Squier Bronco. Gibson EB-0 ina inchi 30.5, na Ibanez Mikro inashuka hadi 28.6.

Lakini hizo inchi 30 si kipimo cha kununulia uzi. Uzi hauanzii kwenye kikalio. Unaanzia pale kidonge kinaponasa, na kila gitaa lina mahali pake. Kwenye briji ya kawaida, kidonge kiko karibu kabisa nyuma ya kikalio. Kwenye Höfner kiko mbali, huko mkiani. Mustang za zamani nyuzi zake zinapitia tumboni mwa gitaa, zinatokea mgongoni. Besi tatu zote "fupi", na huenda seti inayoitosha moja isiitoshe nyingine.

Chukua futi ya fundi cherehani, ile laini. Pima kutoka kidonge hadi mfupa, andika. Pima tena kutoka kidonge hadi kigingi cha uzi huohuo, andika. Sehemu nene ya uzi inatakiwa ivuke mfupa kwa sentimita mbili hivi au zaidi, lakini iishie kabla ya kufika kwenye kigingi. Fanya hivyo kwa uzi wa E (mnene kuliko wote) na wa G (mwembamba kuliko wote), kwa sababu vigingi vyake haviko umbali mmoja. Ukienda dukani au ukiagiza, uliza urefu wa sehemu nene, usiulize tu kama ni "short scale", yaani ya besi fupi. Watengenezaji hawakukubaliana kipimo kimoja.

Dalili: uzi wa E umelegea kama kamba ya kuanikia nguo

Hili ndilo lalamiko linalorudi kuliko yote. Nyuzi tatu ziko sawa, E inayumba, noti haina kiini, na ukiipiga kwa nguvu inapanda kidogo halafu inashuka.

Anza na yasiyo na gharama. Hakikisha imetyuniwa kweli. E ya besi ni mitetemo 41 kwa sekunde, na maikrofoni ya simu nyingi haiisikii vizuri, hivyo programu ya kutyuni inakudanganya au inarukaruka. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upige, na usome sauti hiyo ya juu, simu itaishika. Kisha angalia mkono wako unapigia wapi. Ukipigia karibu na shingo, uzi unayumba zaidi. Sogea kuelekea briji usikie tofauti. Wengi wametoka kwenye besi ndefu na wanapiga kwa nguvu ileile waliyozoea. Besi fupi haitaki hivyo.

Kama bado, chanzo kikubwa ni unene. Mvutano wa uzi hufuata mraba wa urefu wake: uzi uleule, noti ileile, ukiutoa kwenye inchi 34 ukauweka kwenye inchi 30, unapoteza asilimia 22 ya mvutano. Kwenye Mikro ya inchi 28.6 unapoteza asilimia 29. Na kama kwaya yenu imeshusha nusu toni ili waimbaji wasikabwe, toa tena. Hapo besi ya inchi 30 imepoteza karibu theluthi ukilinganisha na besi ndefu iliyotyuniwa kawaida. Halafu mtu anafunga seti ya 040 hadi 095 kwa sababu aliambiwa nyembamba ni rahisi kwa vidole!

Namba hizo ni unene kwa sehemu ya elfu ya inchi. Ushauri wangu kwa besi ya inchi 30: usishuke chini ya 045 hadi 105. Ernie Ball wana seti fupi ya namba hizo, na D'Addario wana ya 050 hadi 105, ambayo nadhani ndiyo chaguo salama kwa anayepiga kwa nguvu. Ile ya 045 hadi 100 iwe ya mwenye mkono mwepesi tu. Kihesabu, ili E ya inchi 30 ikaze sawasawa na 105 ya besi ndefu, ungehitaji uzi wa karibu 119, na huo mfereji wa mfupa hautaupokea. Usiende huko. Ukiweza kupata E moja ya 110, fupi, iongeze kwenye seti uliyonayo. Ni nafuu kuliko kubadilisha zote nne.

Chanzo cha tatu ni aina ya uzi. Raundi, yaani uzi uliozungushiwa waya wa mviringo, huwa laini zaidi. Flati, ambao waya wake wa juu ni bapa na laini kuushika, kwa kawaida hukaza zaidi kwa unene uleule. Kwa kawaida tu, si lazima: flati za Thomastik za besi fupi zinasifika kwa sauti lakini ni laini sana, na mwenye tatizo la kulegea akizinunua kwa bei ile atajuta. Soma mvutano kwenye pakiti au kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kulipa.

Dalili: sehemu nene inajizungusha kwenye kigingi, au haifiki hata kwenye mfupa

Dukani seti utakayoonyeshwa kwanza ni ya besi ndefu, na muuzaji atasema "utakata". Wakati mwingine anasema kweli. Mara nyingi ndiyo mwanzo wa matatizo.

Uzi mrefu una sehemu nene inayozidi kwa sentimita kumi hivi. Ukiufunga kwenye besi fupi, badala ya ile ncha nyembamba, ni uzi mzima mnene unaokunjwa kwenye kigingi. E haikunjiki vizuri: waya wa nje unaachana, kiini (waya wa ndani) kinavunjika kidogo kidogo, sauti inakufa, na kutyuni hakukai. Kibaya zaidi, kama kiini cha uzi ni cha mviringo, ukikata kabla ya kukunja waya wa nje unajifungua wote mpaka kwenye kidonge. Hapo uzi umekwisha, umelipia seti ya nyuzi tatu.

Kama huna njia nyingine na umeshainunua, fanya hivi. Upitishe uzi kwenye briji na mfupa, uvute hadi kigingi chake, kisha upime sentimita tano hadi saba kupita kigingi. Kunja hapo pembe kali ya digrii 90 kwa koleo. Kata sentimita moja mbele ya kunjo, si nyuma yake. Sasa ingiza ncha kwenye kigingi na ukaze. Kiini cha pembe sita huvumilia zaidi, lakini kunja hata hivyo. Huwezi kukitambua kwa macho. G na D mara nyingi zinakubali. E ndiyo yenye kukataa, kwa hiyo ukipata E moja fupi ukachanganya na tatu za seti ndefu, umejiokoa kwa bei ndogo.

Kinyume chake ni uzi mfupi mno: sehemu nene inaishia kabla ya mfupa, na ile nyuzinyuzi ya rangi au ncha nyembamba ndiyo inakaa kwenye mfereji. Huu hauna dawa. Usiukaze "tuone". Urudishe dukani kabla haujakunjwa, maana uzi uliokunjwa hakuna atakayeupokea. Wenye Höfner ndio hupatwa sana na hili, na ndiyo maana La Bella hutengeneza seti maalumu kwa gitaa hilo. Wenye nyuzi za kupitia tumboni mara nyingi huishia kununua seti za urefu wa kati.

Tahadhari kwa wenye Höfner na nakala zake: briji ile ya mbao haikufungwa kwa skrubu, imeshikwa na nyuzi tu. Ukivua nyuzi zote kwa pamoja itaanguka na hutajua ilikaa wapi. Badilisha uzi mmoja mmoja, na kabla ya kuanza zungushia mguu wa briji vipande vya utepe wa karatasi wenye gundi.

Dalili: uzi ukipigwa wazi (bila kubonyezwa) uko sawa, ukipanda juu ya shingo sauti inakwenda kombo

Uzi mzee ndio chanzo cha kwanza, na watu hawataki kusikia hivyo. Jasho na uchafu havijipangi sawasawa kwenye uzi. Upande mmoja unakuwa mzito kuliko mwingine, na hakuna fundi atakayeunyoosha kwa kusogeza vikalio. Kama nyuzi zako ni za zamani, usiguse briji mpaka ufunge mpya.

Kama ni mpya: bonyeza kila uzi kwa kidole gumba mbele kidogo ya kikalio na mbele kidogo ya mfupa ili ukae kwa pembe, usiende kwa upinde. Tyuni tena. Hatua hii ya dakika mbili huponya wagonjwa wengi.

Baada ya hapo ndipo vikalio. Linganisha sauti ya kugusa juu ya freti ya 12 na sauti ya kubonyeza freti hiyohiyo. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele. Legeza uzi kabla ya kuzungusha skrubu, tyuni, pima tena. Kwenye besi fupi kikalio cha E huishiwa nafasi ya kurudi nyuma, kwa sababu uzi mnene na mfupi ni mgumu, na ugumu huo unapandisha noti. Toa springi ya kikalio hicho uikate nusu. Utapata milimita kadhaa. Bado? Tafuta E ambayo ncha yake ya upande wa briji imepunguzwa unene, au shuka namba moja.

Dalili: nimefunga nyuzi mpya, sasa zinagonga freti

Subiri kwanza. Shingo ni mti; umeibadilishia mzigo, ipe usiku mmoja. Kesho yake tyuni, kisha bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, utazame nafasi iliyopo kwenye freti ya saba au ya nane. Unene wa kadi ya biashara, kama milimita 0.3, unatosha. Kama hakuna nafasi kabisa, nyuzi mpya zinavuta kidogo kuliko za zamani na shingo imejinyoosha kupita kiasi. Kama nafasi ni kubwa na nyuzi ziko juu, ni kinyume chake.

Ukiona zinagonga freti ya kwanza au mbili tu, tazama mifereji ya mfupa. Huenda nyuzi mpya ni nyembamba na zimezama. Zikiwa nene mno zitakaa juu ya mfereji bila kuingia, na ukityuni utasikia "ting!" kila uzi unaporuka. Paka mfereji risasi ya penseli kabla ya kufikiria kuchonga chochote.

Chuma cha ndani ya shingo kinazungushwa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita): kulia kunanyoosha shingo, kushoto kunairuhusu iiname. Robo mzunguko, si zaidi, halafu subiri tena. Alenki za magitaa nyingine ni za milimita, nyingine za inchi, na ile "inayokaribia kuingia" ndiyo inayoharibu kichwa cha skrubu.

Acha hapo na umpelekee fundi wa magitaa kama: alenki imekaza na haizunguki, umezungusha nusu na hakuna kilichobadilika, shingo imejipinda upande mmoja kama parafujo, au mfupa unahitaji kuchongwa. Kuchonga mfereji kupita kiasi kunagharimu mfupa mpya. Chuma cha shingo kikikatika kunagharimu shingo.

Dalili: kutyuni hakukai

Mizunguko kwenye kigingi. Miwili hadi mitatu, ikishuka kwenda chini, inatosha. Chini ya hapo uzi unateleza. Juu ya hapo unajipanga ovyo. Nyuzi mpya zivute kwa mkono taratibu, utyuni, uvute tena mpaka zitulie. Kigingi chenyewe huwa cha mwisho kushukiwa, ingawa ndicho watu hununua kwanza.

Dalili: sauti imekufa mapema, na hela ya seti nyingine haipo

Seti ya raundi ya besi inauzwa dola 20 hadi 30 ughaibuni, flati dola 40 hadi 70, na ukiongeza usafiri na ushuru wa forodha utaelewa kwa nini watu wanapiga na nyuzi zenye kutu.

Chanzo cha kwanza ni jasho. Futa kila uzi, juu na chini yake, kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kupiga. Chanzo cha pili, kwa walio Tanga, Mombasa, Zanzibar na pwani yote, ni hewa ya chumvi: gitaa likae kwenye mfuko wake, lisining'inie ukutani karibu na dirisha la baharini.

Zikishakufa, raundi zinafufuka kwa spiriti. Kata bomba la PVC la inchi moja na nusu, urefu wa mita moja, ziba upande mmoja kwa kifuniko na gundi yake. Zikunjue nyuzi, zitie humo, jaza spiriti, funga juu, ziache usiku kucha. Asubuhi utaona maji yamegeuka rangi ya chai ya rangi na mchanga mweusi chini. Zianike zikauke kabisa, uzirudishe. Spiriti hiyo irudishe chupani, inatumika tena. Fanya kazi hii nje au mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara; mvuke wake unashika moto.

Kuchemsha kwenye sufuria kunafanya kazi pia, dakika kumi, lakini maji yanabaki kati ya waya na kiini, na kutu inaanzia ndani. Mng'ao unaorudi kwa kuchemsha hudumu siku chache. Flati na nyuzi zenye ngozi ya nailoni usizichemshe kamwe. Na uzi wowote uliotolewa na kurudishwa mara kwa mara utakatika pale penye kunjo, kwa hiyo usikae uso kwa uso na kigingi unapokaza.

Sasa hesabu. Mpiga raundi anayependa mng'ao atanunua seti kadhaa kwa mwaka. Flati hazina mng'ao huo tangu siku ya kwanza, hivyo hakuna cha kupoteza, zinakaa miaka. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown ya Marekani, ingawa alipiga besi ndefu, anajulikana kwa kuziacha flati zake mpaka zikatike. Kwa kanisa, taarabu, rumba na dansi la zamani, flati kwenye besi fupi ni sauti nzuri na ni nafuu ukihesabu kwa miaka badala ya kwa risiti moja. Kama muziki wako unataka kupiga kwa kidole gumba na kung'oa, basi raundi za nikeli. Za chuma cha pua zinang'aa zaidi ila zinakula freti.

Ukiona seti ya jina kubwa kwa bei ya karanga, ni bandia mpaka ithibitishwe. Uzi mbovu unajitambulisha ukiupiga wazi: unaonekana kuyumba mara mbili kwa wakati mmoja, na sauti yake inapigana yenyewe. Agizeni pamoja, wapiga besi wawili watatu, mgawane usafiri.

Dalili: besi inavuma, na mvumo haukatiki nikishika nyuzi

Kwa kawaida ukishika nyuzi mvumo hupungua, kwa sababu mwili wako unaunganishwa na waya wa ardhi wa gitaa. Umefunga nyuzi zenye ngozi ya nailoni? Nailoni haipitishi umeme, kwa hiyo mguso wako haufanyi kitu. Hilo si hitilafu. Kama ni za chuma na mvumo haukatiki, jaribu kebo nyingine, kisha soketi ya gitaa. Waya wa ardhi unaokwenda chini ya briji ukiwa umeng'oka, fundi wa redio anaweza kuuchomelea kwa risasi.

Ukishika nyuzi mdomo ukagusa maikrofoni na ukatekenywa na umeme, zima amplifaya na uchomoe kwenye soketi sasa hivi. Usibadilishe nyuzi, usijaribu kebo, usikate pini ya ardhi ya plagi kama wanavyoshauriana vijana wa jukwaani. Hiyo ni kazi ya fundi umeme aliyesomea, na akague soketi za ukumbi pamoja na amplifaya kabla mtu yeyote hajashika gitaa tena.